Vidole Ishirini na Vinane

Mama Nsimire alipanda ngazi za Kadutu
na kompyuta mgongoni, kaifunga kwa kitenge
kama mtoto mwenye homa.
Mvua ilimtangulia mlangoni kwangu.
Akaitua mezani, akapangusa kwanza mashini,
kisha uso wake.

"Fundi, huyu mzee mwongo.
Diski nilinunua Kamembe, giga mia tano,
dola arobaini, hawakunipunguzia hata moja.
Yeye anasema ameona mia moja thelathini na saba.
Zingine kaziweka wapi? Kala?"

Nikafungua parafujo tatu; ya nne ilikwishapotea.
Vumbi la ndani lilikuwa la miji miwili:
la kijivu, la ofisi fulani ya Liège,
na juu yake jekundu, la kwetu.

Mama, nikasema, hakuna aliyekuibia.
Aliyeiunda aliipa vidole ishirini na vinane vya kuhesabia
akaona vimezidi;
wakati ule nani alikuwa na picha nyingi hivyo?
Ikimaliza vidole, inanyamaza.
Nafasi iliyobaki ipo, inazunguka na mwenzake,
ila haina anwani. Ukibisha, hakuna mlango.

Akacheka kwa pua.
"Kwangu ni kinyume. Karatasi ya chifu wa avenyu
inasema mita kumi na tano hadi mferejini.
Kila masika mlima unajichukulia yake.
Nimebaki na kumi na moja, na karatasi."

Kumbe hakuwa amesema yote.

Mpwa wake Ashuza, kijana wa haraka,
aliipeleka diski kwa mashini mpya ya rafiki,
akaipanga yote mia tano, akajaza
studio nzima ya marehemu Cishugi:
harusi, ubatizo, picha za kadi,
wafu waliopigwa picha ya mwisho kabla ya mfuniko.
Kisha akairudisha kwa mzee.
Jumamosi wakahifadhi harusi ya Bagira,
na mzee akavuka mpaka asioujua.

Hapo hakunyamaza.
Alifanya kama gari ambalo kilomita zimejaa:
akarudi sifuri.
Bibi harusi wa Jumamosi, shela na keki,
akaandikwa juu ya ukurasa wa kwanza kabisa,
ule wenye orodha ya wote.

Nilimweleza hivyo, taratibu. Hakulia.
Aliuliza kama bibi harusi amepona.
Nikasema sijui, labda naye nusu.

Siku tatu usiku, umeme ukiwa na huruma,
niliisoma diski kipande kwa kipande kwa mashini nyingine.
Picha zilitoka bila majina, bila mwaka, bila mpangilio:
askari mwenye miwani ya kuazima,
mapacha, mmoja anatazama ndege,
mwanamke hadi kifuani, halafu kijivu kitupu.
Elfu tisa na ushei.

Alhamisi akaja na kiti chake mwenyewe.
"Onyesha."
Nikabonyeza, akataja.
Huyu M'Rhashalire, aliuza sabuni Nyawera.
Huyu simjui. Huyu simjui, lakini koti ni la Cishugi,
aliwaazima wote wasio na koti.
Huyu alikwenda Shabunda, hakurudi.
Huyu, ruka.
Niliruka.
Huyu ni mimi. Kumbe nilikuwa mwembamba!

Tukiwa kwenye picha ya mia mbili na kumi
umeme ukakatika, mtaa mzima ukaguna.
Nikashika kalamu, nikasema tutaendelea kesho.

Hakunisikia. Aliendelea gizani
mbele ya kioo kilichozimika,
jina baada ya jina, na kiatu, na deni la picha
ambalo fulani hakulipa mpaka leo,
na mimi nikaandika kwa taa ya simu,
mistari ikipandana,
hadi daftari likafika jalada la nyuma,
nikaligeuza, nikaanza kwenye ukingo wa ukurasa wa kwanza,
kwa uangalifu, pembeni,
nisimguse aliyetangulia.